Kuna Tembo, na Kuna T'embo

Jumapili, tarehe nane Juni. Mvua imeanza kabla ya adhana ya alfajiri, mvua ya matone makubwa, na bati limepigwa hata ukitaka kumwita aliye chumba cha pili ikubidi uinuke umfuate. Saa tatu ikakatika ghafla, jua likatoka, na ua mzima ukafuka mvuke.

Nyinyi vijana wa hapa Mtongwe mnaonisimamisha njiani mkaniuliza, "Bi Mwanakombo, ninunue spika gani?" leo nimeamua kuwajibu kwa maandishi. Mkinisimamisha njiani huwa nasema jambo moja, nikifika nyumbani nakumbuka matatu niliyoyasahau na moja nililolikosea. Nimesoma mpaka darasa la tano, kwa hivyo herufi zikipotea mtazitafuta wenyewe. Kazi ya kutengeneza redio na spika nimeifanya mpaka macho yalipokataa kuona uzi wa koili, na hata hivyo sina hakika kama nilikuwa fundi mzuri. Nilikuwa fundi aliyerudiwa na wateja. Wengine walirudi kushukuru, wengine walirudi na redio.

Lakini habari ya spika siwezi kuieleza leo bila habari ya dada yangu Maryamu, kwa sababu leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuhamishwa.

Dada amenipita miaka minne. Mumewe alitangulia mbele ya haki, na nyumba yake na yangu zinatazamana, katikati kuna ua na kisima. Mwanawe ni mmoja tu, Rashidi, anayepakia mizigo kule uwanja wa ndege na amepanga huko huko Airport. Ni mtoto mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu hapo mbele nitaisema vibaya zawadi yake.

Idi iliyopita Rashidi alimletea mamake seti ya kisasa: vispika vitano vidogo kama mikebe ya maziwa, pamoja na hufa, lile sanduku la besi, kubwa kama mbuzi aliyelala. Mbele lina taa ya buluu inayofifia na kuwaka kama inapumua. Akaliweka kwenye kona ya ukumbi kwa sababu kwingine halikuenea. Siku ya kwanza vikombe vilicheza kabatini, majirani wakaja kutazama, nami nikasema, "Mashallah." Ilinipasa kusema zaidi. Nilijua kona inaifanya nini besi: inaivimbisha, mpaka inameza kila sauti nyingine. Lakini mtoto amefurahi, mama amefurahi, nikaona nikinena nitadhaniwa nina kijicho. Nikanyamaza, na hapo nilikosea.

Tangu siku hiyo masikio ya dada yakaanza kwenda. Mtu wa redio akamsikia kama anasema ndani ya mtungi. Ukimwuliza taarifa ya habari imesema nini, anakujibu, "Wamesema bubububu, kisha hali ya hewa."

Mwezi uliopita, katika matangazo ya vifo, akasikia kuwa amefariki Hassani Sefu. Mzee Hassani alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, anakaa Timbwani. Dada hakungoja kusikia maziko ni saa ngapi wala wapi. Alivaa buibui, akanipitia mimi, akampitia na Amina wa nyumba ya pili, tukaingia tuktuk. Yeye na Amina walianza kulia njiani. Tulipofika, Mzee Hassani alikuwa ameketi barazani kwake anakula viazi vya karai.

"Shemeji," akamwambia dada, "nani amekufa?"

Dada akasimama pale pale. "Wewe."

Mzee Hassani akakitazama kiazi chake. "Lini?"

"Redio imesema asubuhi hii."

"Basi keti," akasema, "ule matanga yangu kabla hayajapoa."

Aliyefariki ni Athmani Sefu wa Mwakirunge, Mungu amrehemu, ambaye hatukumjua. Mpaka leo Mzee Hassani akinikuta sokoni hunikumbusha kwamba Maryamu alimlilia, Amina alimlilia, na mimi sikutoa hata chozi moja. Ni kweli. Nilikuwa bado natafuta ncha ya leso.

Habari ilimfikia Rashidi. Hakucheka hata kidogo. Alimpigia mamake simu, nami nilikuwapo, akasema polepole na kwa sauti kubwa, kama tunavyosema na watu wagonjwa: "Mama, masikio yako yamekwisha. Siku moja gari litakupigia honi usilisikie. Jumapili nakuja na pikapu. Chumba chako kiko tayari."

Dada alikata simu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi bila nazi ya kukuna.

"Kombo, kule kwake nimelala siku mbili," akaniambia. "Ndege zinapita juu ya kitanda. Nimetoa shahada mara saba, mara saba nimejikuta bado niko hai. Nikihamia kule nitakaa kwenye kiti cha mtu, nitazame ukuta wa mtu, mpaka nife." Kisha akanigeukia. "Wewe si fundi? Niambie. Mbovu ni mimi, au mbovu ni redio?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Mtu wa umri wake masikio huenda, hilo ni jambo la kila siku, na Rashidi huenda alikuwa na haki. Nikamwambia, "Leo ni Jumanne. Nipe mpaka Jumapili."

Ubishi kama ule, wa mbovu ni sikio au ni redio, nimewahi kuushuhudia mara moja tu zamani, na ndio ulioniingiza katika kazi hii, kwa hivyo nivumilieni nirudi nyuma.

Nilikuwa msichana, nauza mahamri Changamwe kwenye baraza iliyopakana na kibanda cha Fundi Kioko. Huyu alikuwa Mkamba, alikuja kubeba magunia bandarini, mgongo ukamshinda, akajifunza redio. Mtu mpole, mikono mizito, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile alichoshuka nacho kwenye gari la moshi. Siku moja Bi Zuhura, bibi wa watu wa kale wa Changamwe, akamletea redio iliyochanika koni, yaani ile karatasi ya ndani ya spika inayotikisika. Kioko akaiziba kwa karatasi ya mfuko wa saruji na gundi nyingi, kama anayeziba mtumbwi. Baada ya siku nne bibi akarudi na redio kichwani.

"Fundi," akasema, "redio yangu umeigeuza mtu wa bara."

Kioko akaiwasha. Ikalia. "Hii redio iko sawa, mama. Inaongea."

"Inaongea, ndiyo. Kwani wewe huongei?"

Kilichompata bibi ni hiki. Redio ilisema machifu wa Kwale wametakiwa wawasaidie wakulima kupambana na tembo. Sasa nyinyi mliozaliwa hapa mnajua, na wazazi wenu waliotoka bara mtawaeleza. Kuna tembo la mnazi, la kugemwa na kunywewa, ambalo ulimi unalitoa kavu. Na kuna t'embo, yule ndovu, ambaye anatoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo useme yote mawili, utaisikia ile pumzi. Huyu mnyama nitamwandika na kialama ili tusipotezane. Ni vivyo hivyo kwa paa la nyumba na p'aa wa porini, kaa la moto na k'aa wa mikokoni.

Redio ilisema t'embo. Spika ya Kioko ikatoa tembo. Na Bi Zuhura alikuwa na nduguye, mgema, huko Kwale. Akampelekea salamu za haraka kwamba serikali imeamka. Masikini akazika vibuyu vyake vyote vichakani, akakimbilia kwa wakwe zake akakaa siku tatu, na minazi ikafurika juu huko bila mtu wa kuliteremsha tembo. Serikali muda wote ilikuwa inapigana na ndovu.

"Lakini tembo ni tembo," Kioko akasema.

Mimi nikadakia kutoka kwenye karai la mahamri. "Sivyo, fundi. Kuna tembo, na kuna t'embo."

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Umesema kitu moja mara mbili."

"Usimchoshe, mwanangu," Bi Zuhura akaniambia. "Mungu hakumjalia."

Mwingine angekasirika. Kioko alikaa akaitazama ile spika, akanitaka niseme yale maneno mbele ya kiganja chake, mara nyingi, mpaka akaihisi ile pumzi kwa ngozi. Kisha akasema neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote: "Hii pumzi ni kitu nyepesi sana. Karatasi yangu ni nzito. Nzito haiwezi kukimbia na nyepesi." Akabandua saruji yote, akaziba upya kwa karatasi nyembamba ya kufungia chai, gundi kidogo kama mate. Akaiwasha, akanigeukia.

"Mwana, kuja hapa. Ni mnyama ama ni pombe?"

Vita vya Kwale vilikuwa bado vinatangazwa, nikasikiliza mpaka msomaji wa habari akalifikia neno. "Mnyama," nikasema.

Bi Zuhura akaibeba redio yake akaenda. Baada ya hapo Kioko akawa ananiita kila spika ikifungwa, na mahamri yakaungua mara nyingi hata nikaona bora niache mahamri. Yeye alijua sababu, mimi nilijua tofauti. Hakuna aliyekuwa fundi kamili.

Ndiyo maana nawaambia, mkienda kununua spika msijaribishe kwa muziki. Muziki unasamehe sana, na mwenye duka anaujua wimbo unaosamehe zaidi. Mwambieni aweke mtu anayesema, mwanamume kisha mwanamke, na sauti iwe ya chini kama ya mtu aliye mezani nanyi. Mkimsikia kama yumo ndani ya mtungi, ondokeni, hata kama sanduku linawaka taa za Idi. Spika inayoweza kusema, kuimba hakutaishinda.

Narudi kwa dada. Jumatano nikaingia banda la kuku, ambako marehemu shemeji aliacha spika zake mbili za mbao. Ndani ya moja kuku alikuwa ameatamia, na kumhamisha kulinigharimu ngozi ya kidole. Mbao zilikuwa nzima. Sumaku nzima. Kilichokwisha ni ile sponji ya pembeni inayoshikilia koni. Sisi tunaokaa kando ya maji ya chumvi, sponji ile hatudumu nayo. Ukiletewa spika ya mkono wa pili, bonyeza ukingo kwa kidole, na kidole kikitoka na unga mweusi, jua unanunua mbao tu. Lakini usiitupe. Mimi naivisha ukingo wa kitambaa cha leso, kilichokatwa mshazari ili kivutike, na gundi ya mpira nyembamba juu yake. Kateni upande usio na maandishi. Niliwahi kumfungia bwana mmoja wa Kisauni spika kwa leso yenye maneno, na maneno yakazunguka koni mbele kabisa, yakisomeka. Mkewe alidhani yametumwa na mke mwenzake. Spika ilirudi kwangu imetobolewa kwa mwiko.

Ndani ya sanduku nikatia sufi, si ya kushindilia, ya kuchambuliwa ikae kama wingu, ili sauti ya nyuma isigonge mbao ikarudi. Zamani nilikuwa nachukua sufi ya mto wa mume wangu, Mungu amrehemu, kidogo kidogo kila kazi. Alilalamika mwaka mzima kwamba shingo yake inarefuka. Sikumwambia. Naandika hapa kwa kuwa haki ni haki hata kwa marehemu.

Alhamisi nikaangalia nyaya. Waya wa kawaida wa taa unatosha nyumba zetu zote, msidanganywe na waya mnene kama mkia wa taa wa baharini. Ila angalieni chanya na hasi. Gusisha betri ya tochi kwenye ncha za spika kwa nukta moja: koni ikiruka mbele, upande ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika. Tia alama. Spika zote mbili zifungwe sawasawa, la sivyo moja inavuta pale nyingine inaposukuma, na besi inakufa katikati ya chumba. Nasema haya kwa aibu. Kulikuwa na mteja wangu wa Likoni, mwalimu wa shule, nilimfungia moja kinyume. Akaona besi hakuna, akanunua spika kubwa zaidi, akazifunga kwa zile zile nyaya zangu nilizotia alama vibaya. Hakuna besi. Akanunua ampli kubwa. Hakuna. Alikuwa karibu kununua nyumba nyingine. Siku niliyokwenda kwake kunywa chai ndipo nilipoona, nikageuza nyaya mbili kwa kucha, na chumba kikajaa. Nikamweleza kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Ningependa kuwaambia alicheka. Hakucheka, na chai ile sikuimaliza.

Leo saa nne Rashidi akafika na pikapu. Sanduku la nguo la dada lilikuwa tayari mlangoni limefungwa kamba, godoro limekunjwa. Dada hakutoka kumlaki. Mimi ndiye niliyetoka.

"Shikamoo khaloo."

"Marahaba, baba. Umekuja kumchukua mtu au redio?"

"Khaloo, tusianze."

Nikamwomba mpaka alasiri. Nikamwambia, kama mamako hasikii, nitambebea sanduku lake mimi mwenyewe mpaka garini, na sitanung'unika. Hiyo haikuwa mbinu, nilikuwa nimeshaamua hivyo, maana kumwacha mtu kiziwi peke yake kwa ajili ya kumpenda si kumpenda. Rashidi akanitazama, akavua viatu.

Nikamweka jikoni na simu yake. "Sema maneno kumi, ujirekodi. Tembo na t'embo, changanya unavyotaka, na majibu uandike kwenye karatasi uifiche."

"Nitajiona mjinga, khaloo, kusimama jikoni nasema tembo, tembo."

"Jione."

Tukaanza na seti yake, pale pale ilipo, hufa kwenye kona. Dada akaketi kwenye kiti chake, na kila neno akatoa jibu. Mnyama. Pombe. Sijui. Mnyama, labda. Rashidi akalinganisha na karatasi yake: matano sawa kati ya kumi. Alikwenda mlangoni, akaishika kamba ya lile sanduku la nguo kuona kama imekaza. Dada aliangalia mikono yake mwenyewe, nami moyo ukaniambia: basi, umechelewa, na ulijifanya unajua.

Nikaichomoa ile seti. Kwanza chumba. Ukumbi wa dada una kigae chini na saruji ukutani, sauti inaruka humo kama mpira. Nikatandika mkeka na juu yake zulia la kuswalia wageni, nikashusha pazia la kitambaa kizito lenye mikunjo, na lile godoro lililokunjwa nikalisimamisha ukuta wa nyuma. Hivyo vyote vilikuwamo nyumbani. Spika nikaziweka juu ya kreti za soda, mdomo wake ulingane na sikio la mtu aliyeketi, na nikazivuta mkono mzima kutoka ukutani. Kisha nikamweka dada. Spika mbili na msikilizaji wakae kama mafiga matatu, umbali ule ule baina yao. Anayejua kuinjika sufuria isipinduke anajua kupanga spika. Ampli ni yangu ya zamani, ya vitufe viwili vya kuzungusha, haina hata taa.

"Ugeukie ukuta, dada," nikasema, "usimtazame Rashidi usoni." Na kwa kawaida ya kazi, nikachukua daftari niandike na mimi majibu yangu, nipate kumsaidia akisitasita.

Rashidi akaipanga upya orodha kwa kurekodi nyingine, akabonyeza.

"Mnyama," dada akasema. "Pombe. Pombe. Mnyama. Pombe. Mnyama, mnyama. Hiyo ya saba umeisema kama mtu wa bara, Rashidi, siku hizi unakaa na nani? Lakini nimekuelewa. Pombe. Mnyama. Pombe."

Rashidi akatazama karatasi, akarudia kuitazama. "Kumi," akasema.

"Kumi nini?"

"Yote, mama. Umepata yote."

Dada hakugeuka upesi. Alikaa hivyo hivyo anautazama ukuta, na mabega yake yakashuka taratibu, kama mtu aliyetua ndoo.

Rashidi akaja kuniinamia. "Khaloo, na hizi za kwenye daftari ni za nani?"

Ningeweza kulifunga daftari. "Zangu."

Akahesabu kwa kidole. "Sita."

"Hesabu tena."

"Sita, khaloo. Sita kati ya kumi ni kubahatisha."

Dada ndipo akageuka, uso wote unang'aa. "Basi Rashidi, pikapu isirudi tupu. Mpeleke Kombo."

Tulicheka mpaka Amina akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikatoka nikaenda kisimani, nikajifanya nateka maji. Tangu lini? Miaka ya mwisho ya kazi nilikuwa nafunga spika, nasikiliza, nasema kwa kujiamini, "Sasa ni mnyama," na mteja anachukua anakwenda. Huenda nilikuwa nasikia kumbukumbu tu. Kama nyumbani kwenu kuna spika niliyowatengenezea karibu na kustaafu, na ndovu wake amekuwa wa kulewesha, ileteni. Nitaifungua bila malipo, na wa kusikiliza atakuwa dada. Mtaanza kwa kumwamkia yeye, kisha mimi. Haya niliyowaandikia kuhusu sufi na betri na mafiga yameshika, maana hayo yanaonekana kwa jicho na kushikika kwa mkono. Lakini niliposema "utasikia," muulizeni mtu mwingine pia.

Na nisiidhulumu hufa. Si mbovu. Kwenye ukumbi wa arusi, mbali na kona, imepunguzwa nusu, itawafaa watu na watacheza. Nilimwambia dada naweza kuivuta na kuipunguza ibaki. Akasema, "Irudi ilikotoka, na Mungu ambariki aliyeinunua."

Alasiri Rashidi akaifungua kamba ya sanduku la nguo. Nguo akazirudisha kabatini yeye mwenyewe, moja moja, vibaya, na mamake akamwacha. Kamba ile ile akaifungia hufa juu ya pikapu. Akampigia mkewe: "Mama haji. La, ni mzima. Mzima kuliko sisi. Chumba warudishie watoto." Kisha akakaa, hakuondoka.

Tumekula muhogo wa nazi na dagaa wa kukaanga, sinia moja, sote watatu ukumbini, redio ikisema kwa sauti ya chini. Rashidi alikuwa na njaa. Katikati ya matangazo ya vifo dada akainua mkono.

"Rashidi," akasema, "funga mdomo unapotafuna. Nakusikia wewe badala ya marehemu."